NILIMWAMBIA MZEE KOMPYUTA YAKE IMEKUFA, KUMBE NILIKUWA SIJUI KITU

Leo tupumzike kidogo na habari za nani kamwagana na nani. Leo naanika aibu yangu mwenyewe. Majina yote kapuni kama kawaida ya hapa kwetu, ila mwenye kosa mnamjua, ndiye anayeandika.

Hapa Pasiansi nimepanga uani kwa mzee mmoja mstaafu. Kitaa tunamwita Mzee wa Meli, maana kazi yake ilikuwa injini za meli za ziwani, miaka na miaka. Mimi kitaa kinanijua kama mtu wa kompyuta. Ukweli ni kwamba shule niliishia form four, na kompyuta nimejifunza kwa kuangalia video na kuharibu vya watu. Kupiga Windows, kubadilisha RAM ya laptop, kufufua flash iliyogoma, hivyo naviweza. Basi.

Siku moja mzee akaniita. "Mjukuu, njoo uniangalizie kitu." Akavuta boksi chini ya kitanda, limefungwa na kanga kuukuu. Ndani kuna kitu kama kibodi nene, rangi ya chai ya maziwa, kimeandikwa Commodore 64. Nikauliza, babu, CPU yake iko wapi? Akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo hiyo hiyo. Kompyuta nzima imo ndani ya kibodi."

Aisee. Hii mashine ilitoka mwaka 1982, na duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Mzee aliinunua mkononi kwa mtu mwaka 1986 akiwa kozini Ujerumani Magharibi. Sasa kumbuka, Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini tangu 1974. Wengi wetu hatujui hilo, tunadhani kompyuta zilichelewa tu njiani. Mzee anasema hofu ya lile katazo alirudi nayo. Walipomuuliza hiki nini, akajibu ni cha kuchapia herufi. Hakudanganya, ila hakumaliza.

Kufika nyumbani, kimbembe kingine. Ile kompyuta haina kioo chake, unaichomeka kwenye runinga, na huku Bara runinga zilianza kurusha matangazo miaka ya 1990. Kwa hiyo ikalala kwenye boksi miaka yote hiyo mpaka aliponunua TV ya chogo. Ndipo akaanza kuitumia, na akajifundisha mwenyewe kuiandikia programu. Halafu siku moja akaiwasha, kioo kikabaki cheusi. Akaifunga kwenye kanga. Ikalala tena, karibu miaka 20.

Sasa siku ile alikuwepo binti yake kutoka Dar. Alikuja kumchukua mzee akatibiwe miguu, kwa hiyo vitu vya ndani vilikuwa vinachambuliwa: hiki kinaenda, hiki kinauzwa, hiki kinatupwa. Nikachomeka ile mashine kwenye TV. Taa nyekundu ikawaka. Kioo cheusi tii.

"Inapona?" dada akauliza.

Wadau, sikuwa najua hata pa kuanzia. Hata kuifungua sikuifungua. Lakini watu wawili wananitazama, na mimi ndiye mtu wa kompyuta. Nikakunja uso kama daktari bingwa. "Imekufa hiyo dada. Madabodi imeungua."

Uongo wa sekunde tatu. Nikaenda zangu kula.

Wiki mbili baadaye nasikia imepata mteja. Kuna bro mmoja hapa mjini, fundi staa, ana wafuasi kibao, anajirekodi akifungua laptop huku muziki unapiga. Wengi wenu mnamfuata. Alipata habari za ile mashine, akaja kuiona, akatoa elfu thelathini, eti aiweke dukani kama pambo. Mzee akakubali. Atakuja kuichukua Jumapili.

Nikamuuliza mzee, mbona unaiuza? Akajibu kwa upole kabisa, "Si wewe ulisema imekufa?"

Usiku ule nikaingia mtandaoni. Kumbe huko Ulaya hizi mashine hata zikiwa mbovu zinauzwa kwa ajili ya spea, kwa pesa ambayo elfu thelathini haiisogelei. Kumbe kioo cheusi ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na moja ya sababu za kawaida ni kumbukumbu, yaani RAM. Kitu cha kubadilishika. Sikulala.

Asubuhi nikaenda barazani. Shikamoo. Marahaba. Nikasimama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Babu, nilikudanganya. Sikujua ina nini. Niliona aibu kusema sijui."

Akakaa kimya mpaka nikatamani anitukane. Kisha akasema, "Injini ikizima katikati ya ziwa, fundi anayesema imekufa anaua watu. Anayesema sijui, ngojeni niangalie, huyo ndiye tunayemtaka. Haya, tuangalie."

Na hapo ndipo nilipoanza kufundishwa kazi na mtu ambaye simu yake ni ya batani.

Kwanza, anasema, usiguse injini kabla hujaangalia mafuta. Mafuta ya kompyuta ni umeme. Ile Commodore ina adapta nzito kama tofali, inatoa umeme wa aina mbili: volti 5 ulionyooka na volti 9 wa kwenda na kurudi. Tukaazima mita. Upande wa 9 uko sawa. Upande wa 5 mita ikasoma 6 na ushee.

Nikaona ni tofauti ndogo. Kumbe ndiyo muuaji mwenyewe. Hizi adapta zikizeeka, kile kifaa cha ndani kinachozuia volti zisizidi kinachoka, umeme unapanda, na wa kwanza kuungua ni IC za kumbukumbu. Kwa hiyo kila mtu aliyewahi kuichomeka "kujaribu kama inawaka" alikuwa anaichoma zaidi. Mimi nikiwemo. Na kuifungua adapta huwezi, imemwagiwa gundi ngumu kama jiwe. Fundi redio mmoja wa Kirumba akatuundia nyingine.

Adapta mpya, kioo bado cheusi. Tukaifungua sasa. Ndani wamejaa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa, wamekauka. Tukafagia kwa brashi ya rangi.

Kumbukumbu yake yote ni kilobaiti 64. Simu yenye RAM ya GB 4 inaizidi mara 65,536. Na hizo 64 zimekaa kwenye IC nane, lakini si kwamba kila moja inashika sehemu yake. Fikiria namba zote za simu yako umewagawia watu nane, kila mtu anashika tarakimu moja ya kila namba. Mmoja akirukwa na akili, haipotei namba moja, zinaharibika zote. Ndivyo zinavyofanya kazi zile IC. Ikifa moja tu, mashine nzima inakuwa bubu. Ndiyo maana mtu anaitazama anasema imekufa, kumbe saba kati ya nane ziko hai zinamsubiri mwenzao.

Ipi sasa? Wenzetu wana katriji maalumu, unaichomeka, kioo kinawaka na kuzima, unahesabu, inakuambia IC mbovu ni ya ngapi. Sisi hatuna. Mzee akasema tumia kidole. Tukawasha dakika moja, tukazima, nikagusa moja moja. Saba vuguvugu. Moja kama kikaango.

IC zenyewe zinaitwa 4164. Nilizunguka Makoroboi siku nzima, wauzaji wananitazama kama nimeulizia mkonge sokoni Mwaloni. Mwisho nikaagiza China kumi kwa mpigo, kwa hela yangu, maana deni ni langu.

Katikati ya kusubiri, Jumapili ikafika na bro staa akaja na boda yake. Mzee akamwambia, "Haiuzwi, iko matibabuni." Jamaa akacheka, akanigeukia, "Dogo, hiyo ya makumbusho, usipoteze muda." Najua mnataka nimchane hapa. Sitamchana. Labda alijua bei yake. Labda alikuwa hajui kitu, na yeye anaona aibu kusema sijui mbele ya kamera. Ugonjwa huo naufahamu.

Wiki zikapita, mzigo ukafika Dar, ukapanda basi, nikaufuata Nyegezi. Fundi redio akakata miguu 16 ya ile IC ya moto, akaing'oa mguu mmoja mmoja kwa risasi, akaweka soketi, tukapachika mpya. Tukawasha.

Bluu!

Wadau, nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Lakini mzee hakushangilia. Alikuwa anasoma. Ile mashine ikiwaka inaikagua kumbukumbu yake kutoka mwanzo, na ikikuta sehemu mbovu inaacha kuhesabu hapo hapo. Ikiwa nzima inaandika kuwa zimebaki baiti 38911. Yetu iliandika elfu kumi na kitu. "Bado kuna mgonjwa," akasema. Ningekuwa peke yangu ningeshapiga picha na kupost.

Huyu wa pili hakuwa na joto. Ikabidi tufanye hivi: unazima, unachukua IC nzima, unaipandisha juu ya ile unayoishuku, mguu juu ya mguu, alama juu ya alama, unabana, unawasha. Si mara zote inafanya kazi, ila ni bure. Ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Kila mara zima kwanza, usije ukaua nzima. Ya tano, namba ikaruka: 38911. Nayo tukaibadilisha.

Mzee akatoa kaseti yake. Humo kulikuwa na programu aliyoiandika mwenyewe, ya kukadiria mafuta ya safari za meli. Tukapiga play, tukasubiri, dakika zikaenda. Ikagoma. Tukarudia, ikagoma. Utepe umeota ukungu. Hapo hakuna IC ya kubadilisha.

Nilimwangalia usoni nikaumia. Tumefanya yote haya kwa ajili ya kibodi tupu?

Akavuta kiti. Akaweka vidole. Akaandika 10, kisha mstari. Akaandika 20, kisha mstari. Polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani nyumbani kwake. Mahali pawili mashine ikamgomea, akasoma, akasonya, akarekebisha. Alipomaliza akabonyeza, kioo kikauliza kwa Kiswahili: MASAA MANGAPI? Akajaza. Kikajibu lita.

Mzee ambaye asubuhi ile alikuwa ameniuliza mara mbili kama ameshameza dawa.

Dakika kumi baadaye umeme ukakatika. Kumbukumbu za aina hii umeme ukikata zinasahau kila kitu, na hatukuwa tumehifadhi popote. Nikashika kichwa. Yeye akacheka gizani. "Kesho nitaandika tena."

Akaandika kweli, mara hii kwenye kaseti mpya. Sasa hivi yuko Dar na mashine yake. Dada ananiambia kaiweka sebuleni na haruhusiwi mtu kuifunika na kitambaa.

Kwa wenye kompyuta za zamani ndani: usichomeke adapta ya zamani kabla hujaipima. Na kama ni desktop za kawaida, Pentium zile, ukiwasha inalia bip bip na kioo cheusi, usikimbilie kusema imekufa. Zima, chomoa waya ukutani, toa RAM, futa meno yake kwa raba ya penseli, rudisha moja moja. Nyingi zinaamka hapo.

Na kama wewe ndiye "mtu wa kompyuta" wa kitaa chenu, jifunze kusema sijui, ngoja niangalie. Mimi kujifunza hilo kulinigharimu IC kumi na usiku mmoja bila usingizi. Mzee lilikaribia kumgharimu zaidi.

Haya, tiririkeni hapo chini. Nani aliwahi kuambiwa na fundi "imekufa" halafu ikapona? Majina kapuni tafadhali.