Safari ya Dar es Salaam: Tuchague Mtaa kwa Kuitazama Haja

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), aliyeifanya ardhi kuwa nyepesi kwetu ili tutembee katika pande zake na kutafuta riziki Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake.

Sisi tunaoishi katika milima ya Usambara tumezoea kuitaja Dar es Salaam kana kwamba ni mahali pamoja. Mtu wa Mlalo, wa Soni au wa Lushoto mjini akiulizwa anakwenda wapi, hujibu, "Dar." Akiulizwa atafikia wapi, hujibu, "Kwa ndugu." Kwa kuwa barua za utambulisho za wasafiri hupitia katika meza ya ukatibu wa msikiti, tumeona mara nyingi namna majibu hayo mafupi yanavyomchosha msafiri, yanavyommaliza fedha, na wakati mwingine yanavyohatarisha afya yake.

Wanaokuja kuomba barua si wa aina moja. Yuko mgonjwa aliyepewa rufaa, yuko mkulima anayefuatana na mzigo wake wa kabichi, yuko mzazi anayempeleka mwanawe chuoni, na iko familia inayokwenda kuvuka bahari kuelekea Zanzibar. Wote huteremka kona zile zile hadi Mombo, na wote hupita Segera na Chalinze. Mtaa unaowafaa huko waendako, hata hivyo, si mmoja. Hilo ndilo tunalopenda kulizungumza na familia za Kiislamu wiki hii.

Tukumbuke kwanza kwamba mji ule haukujengwa ili mitaa yake ifanane. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliuanzisha katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani wakahamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Katika zama za ukoloni watu waligawanywa kwa rangi: Oysterbay ikawa ya Wazungu, eneo la katikati likawa la wafanyabiashara wa Kihindi, na Kariakoo na Ilala zikawa za Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili utenganishe Uhindini na Uswahilini. Mgawanyo ule umeondoka, Alhamdulillah, lakini kila mtaa umebaki na kazi yake, bei zake na mwendo wake wa maisha. Aidha, mji umetanuka mno. Kituo cha mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, kilichoanza kutumika mwaka 2021, kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Msafiri anaposhuka hapo na kusema amefika Dar, bado ana safari nyingine mbele yake.

Tuanze na mfanyabiashara. Mboga na matunda ya milima yetu, yaani kabichi, karoti, viazi na matunda damu, huteremshwa katika masoko kadhaa: Kariakoo, Ilala, Mabibo na Temeke Stereo. Malori huingia usiku, na biashara ya jumla hufanyika kabla jua halijachomoza. Mkulima anayelala kwa ndugu yake Bunju au Kibamba huamka mzigo wake umekwisha kuuzwa na dalali, naye hana njia ya kuujua bei ila kwa kuambiwa. Ndugu yetu huyu na alale jirani na soko lenyewe, hata kama chumba ni kidogo, ili aswali Alfajiri katika msikiti wa karibu kisha asimame mwenyewe penye mzigo wake. Anayekwenda kununua nguo na bidhaa za duka afikie Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Misikiti hapo iko karibu karibu, na chakula cha halali si cha kutafutwa. Ila ni mtaa wa msongamano na kelele. Haufai kwa mzee anayehitaji kupumzika, wala kwa mama mwenye watoto wadogo.

Mzazi wa mwanafunzi ana hesabu nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani, na vijana wengi wanaokosa nafasi ya bweni hupanga Sinza, Mwenge, Msewe au Changanyikeni. Mitaa hiyo iko jirani na chuo, lakini haifanani. Sinza ina usafiri mwingi na ina sehemu nyingi za starehe zinazokesha. Changanyikeni ni tulivu zaidi, ila njia zake nyingine ni za giza. Tunawashauri wazazi wasilipe kodi kwa kukitazama chumba mchana tu. Warudi baada ya Isha, wasikilize mtaa unavyosikika, waitembee njia ambayo binti yao ataipita akitoka maktaba, na waulize msikiti uko umbali gani na kama una nafasi ya wanawake. Saa moja ya kutembea hivyo ina faida kuliko miezi ya kupiga simu kwa wasiwasi.

Wako wanaopita tu. Anayevuka kwenda Zanzibar hupandia boti katikati ya mji, ukingoni mwa bandari. Akifika jioni ni bora alale maeneo ya Kisutu au Kariakoo kuliko kubaki Mbezi na kupambana na foleni ya asubuhi. Kwa Hujaji jambo ni kinyume chake. Uwanja wa ndege uko upande wa Kipawa, katika barabara ya Nyerere, na familia zinazomsindikiza zitapata nafuu zikifikia upande huo, kwa mfano Ukonga, kuliko kukaa Kinondoni na kuuvuka mji mzima wakiwa na mabegi na wazee.

Ziko pia familia zinazokwenda kutembea, na hilo si jambo la kuonea haya. Watoto wetu wengi wameijua bahari kwa kuisoma vitabuni. Familia kama hiyo haihitaji kulala Masaki penye bei za watalii. Inaweza kufikia Kinondoni au Magomeni, ikaenda Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1966 wakaone nyumba za jadi za makabila yetu, ikapanda kivuko cha Kigamboni kwa nauli ndogo, na jioni ikakaa ufukweni Oysterbay, mahali ambapo babu zao wasingeruhusiwa kuishi.

Tumemwacha mgonjwa mwisho kwa kuwa kwake kosa la kuchagua mtaa ni zito zaidi. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, pamoja na taasisi za mifupa na za moyo zilizomo humo, iko Upanga. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko ufukweni, katika majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani. Vyumba vya Upanga ni ghali kwa wengi wetu, lakini Ilala na Kariakoo ziko upande ule ule wa bonde la Msimbazi. Magomeni nayo ni karibu, ila mvua kubwa za masika zinapofurika Jangwani barabara hufungwa, na mgonjwa mwenye miadi hubaki ng'ambo.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mzee wa jumuiya yetu alipangiwa tiba ya mionzi. Tiba hiyo hutolewa siku tano za wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Alifikia kwa mtoto wa kaka yake huko Chanika, mbele ya Pugu. Kijana yule alimpokea kwa heshima zote: alimwachia kitanda chake, na mkewe akampikia uji kila alfajiri. Lakini kila siku mama alipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, akiwa amesimama, na mwili umedhoofika. Wiki ya pili akaanza kusema, "Leo nipumzike, nitakwenda kesho." Kumbe pamoja na uchovu, aliona haya kumlipisha kijana nauli na kumchelewesha kazini.

Habari zilipotufikia, akina mama wa darasa la Jumamosi walichanga, na kamati ikaongeza kidogo. Tukampatia chumba Ilala katika nyumba ya familia ya Kiislamu, jirani na msikiti, mahali anapopanda gari moja tu. Tulidhani jambo limekwisha. Siku ya pili kijana alitupigia simu kwa uchungu: "Mmemtoa shangazi nyumbani kwangu. Watu watasema nimemfukuza." Lilikuwa neno la haki kwa upande wake, na hatukuwa na jibu la haraka. Mjumbe wetu mmoja mwenye umri mkubwa ndiye aliyezungumza naye. Alimwambia kwamba hakuna aliyemnyang'anya ugeni wake. Nyumba ni yake na shangazi ni wake, ila chumba kile ni cha hospitali. Tangu hapo kijana alikuwa akipita Ilala baada ya kazi, na kila Ijumaa mkewe akaleta chakula. Mama hakukosa siku nyingine hata moja hadi alipomaliza tiba.

Katika tukio hilo tumejifunza kutenganisha mambo mawili tuliyozoea kuyafunga pamoja, yaani kuunga undugu na mahali pa kulala. Kuunga undugu ni wajibu. Kulala kwa ndugu si wajibu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka, wala haimpasi mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki. Fiqhi nayo hutofautisha wasafiri: kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa siku 4 kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha Swala zake. Mgonjwa wa wiki sita, basi, ni mkazi wa muda, na anahitaji mtaa wa kuishi.

Wala tusidhani kwamba kumsaidia msafiri ni hisani ya ziada. Sura At-Tawba, aya ya 60, imemtaja msafiri aliyekatikiwa miongoni mwa makundi manane yenye haki katika Zaka. Wodi za Muhimbili zinazoitwa Sewahaji zinabeba jina la mfanyabiashara Muislamu, Sewa Haji Paroo, aliyetoa mali yake katika karne ya 19 ili wagonjwa watibiwe. Sisi hatuna mali kama yake, lakini tunao uwezo wa kuweka daftari.

Msikiti wetu sasa una daftari hilo. Lina kurasa tano: hospitali, soko, chuo, wapitao na matembezi. Kila ukurasa una jina la mtaa, msikiti ulio jirani, gari la kupanda, na familia iliyokubali kupokea au kuelekeza wageni. Anayerudi safari huulizwa alichokiona, na tunasahihisha. Kabla ya kuandika barua ya utambulisho, swali letu la kwanza ni hili: "Unakwenda kwa haja gani?" Kisha ndipo tunauliza ndugu yuko wapi, ili naye apewe taarifa na asivunjwe moyo.

Tunaiomba misikiti mingine ya Lushoto, Bumbuli na Korogwe ifanye kama hivyo, na misikiti ya Ilala, Temeke na Kinondoni itutajie mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Gharama yake ni daftari na kalamu, na anayeihitaji zaidi ni mgonjwa wa wiki ijayo ambaye bado hatujamjua.

Wabillahi Tawfiq.