Ngome na Bustani za Oman

Wako wanaoona kuwa matembezi ya mume na mke ni anasa ya matajiri. Sisi hatusemi kila mtu asafiri, wala hatupendi mtu akope ili atembee. Lakini mwezi wa Aprili, baada ya miaka kumi na minane ya ndoa na ulezi, tulikwenda Oman siku kumi, mume na mke, na twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, kwani tulirejea na faida ambayo haikuwamo katika hesabu yetu.

Tulianza pwani. Mjini Muscat ngome mbili, Jalali na Mirani, zimekaa juu ya majabali zikiilinda bandari. Zilikuwa mikononi mwa Wareno hata mwaka 1650, Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi alipowatoa. Sisi watu wa Mombasa hatukuziona ngeni, kwa kuwa ni katika siku za mwanawe, Seif bin Sultan, ndipo majeshi ya Oman yalipoiteka Fort Jesus yetu, mwaka 1698, baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili.

Imamu Sultan ndiye pia aliyeujenga mnara mkubwa wa Nizwa. Ngazi zake zimejaa hila: juu ya milango mna matundu, na adui aliyefika hapo alimwagiwa asali ya tende iliyochemka.

Kutoka huko tulipanda Jabal Akhdar, mahali palipo kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Baridi ilitulazimisha kujitanda mashuka. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, yana makomamanga na mawaridi. Mawaridi huchumwa asubuhi mapema, yakapikwa, na mvuke wake ndio marashi tunayonyunyiziana maulidini na harusini.

Lakini lililotushangaza zaidi ni maji. Nchi ile ni kavu, na maji huletwa kwa mifereji iitwayo falaji. Mitano kati yake iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Zamu ikiisha, maji hugeuzwa kwa jirani. Watu wameishi hivyo karne nyingi, kwani kila mmoja ajua fungu lake na fungu la mwenziwe.

Kisha tukafika Jabrin. Ngome hiyo ni nzuri kuliko zote tulizoziona: dari zake zimenakshiwa kwa rangi, na ndani yake wanafunzi walisomeshwa elimu. Aliijenga Imamu Bilarab bin Sultan, na kaburi lake limo humo humo. Ndugu yake, Seif, yule yule tuliyemtaja, alishindana naye kwa utawala akamzingira, na Bilarab akafa ngomeni mwake mwaka 1692.

Mzee mmoja mwangalizi, mzaliwa wa Unguja, alitwambia kwa Kiswahili safi: "Wanangu, ukuta humzuia adui. Ndugu yeye huwa tayari yumo ndani."

Maneno hayo yalituingia. Nyumbani tulikuwa tumeacha mzozo wa mirathi. Baba wa mmoja wetu aliacha nyumba Mji wa Kale, na ndugu watano walikuwa wameanza kutishana kortini. Usiku ule hatukulala mapema. Tukaafikiana kuwa tutawaita ndugu wote mbele ya wazee, kila mmoja apimiwe fungu lake kisheria, wa kike na wa kiume. Na ikiwa chumba cha dukani, ambacho kila mtu alikitaka, ndicho kizuizi, sisi tusikidai.

Alhamdulillahi, jambo lilikwisha barazani. Chumba tumekikosa, na kodi yake twaikosa kila mwezi, lakini Idi iliyofuata ndugu wote watano walikula sinia moja.

Basi, enyi vijana mnaooa, mkijaaliwa nafasi tembeeni pamoja, japo ni mji wa pili tu. Tazameni waliyoyajenga waliopita, mkaulize pia ni kipi kilichowabomoa. Na fungu la mwenzenu mlijue kabla ya kulidai lenu.