Usukani wa Mzee

Usukani wa pikipiki huchaguliwa kwa vipimo vinne: upana, kimo, jinsi unavyorudi nyuma kumfuata dereva, na unene wa bomba pale linaposhikwa na klampu. Vitatu vya kwanza vinahusu mwili wa mtu. Cha nne ni habari ya chuma tu, na kwangu ndicho kilikuwa rahisi. Honda XL ya mzee wangu inatumia bomba la milimita 22, sawa na Boxer ambazo zimejaa kila steji hapa Malava. Spea haikuwa shida. Shida ilikuwa bega.

Mzee ameendesha hiyo Honda tangu sijazaliwa. Ni pikipiki ya safari ya enzi ile, ile aina waliyokuwa nayo maafisa wa kilimo na mapadre: ndefu, nyepesi, injini ya sisi 125 isiyo na haraka na mtu. Amefika nayo Kitale, Kapsabet, Busia. Kisha mwaka jana bega lake la kushoto likaanza kukataa kwenda mbele. Hakulalamika. Siku moja nilimwona akitoka sokoni, mkono wa kushoto ameulaza pajani, anabadilisha gia bila klachi kwa kusikiliza injini tu. Ufundi mtamu, lakini hiyo barabara yetu ya kutoka Kakamega kwenda Webuye ina trela za miwa ambazo hazimngoji mtu asikilize injini.

Nyumbani kulikuwa na mpango ambao hakuna aliyeutamka. Mama ndiye aliyekaribia. Nilipomwambia nataka kubadilisha usukani, aliendelea kuchambua mboga, halafu akasema, "Si uuache tu hivyo? Utamchosha, ataacha mwenyewe." Nilimwelewa. Kumwambia mwanaume wa Kabras wa umri ule kwamba hawezi tena pikipiki ni kazi ambayo hata ndugu zake hawaitaki. Chuma kingetusaidia kusema. Lakini mimi nilikuwa nimeshauona ule mkono pajani. Usukani usiomfaa mtu haumwachishi kuendesha, unamfundisha kuendesha vibaya.

Sasa, usukani wa XL ni mpana kwa sababu. Ukiwa kwenye tope, upana unakupa nguvu ya kupindua gurudumu, na ukisimama kwenye vikanyagio unakuta mikono iko mahali pake. Ila ukikata kona kali, ule mkono wa nje unasafiri mbali sana. Ukikata kulia, mkono wa kushoto unavutwa mbele kabisa, na hapo ndipo bega la mzee lilikuwa linapiga kelele. Kwa hivyo tulihitaji kitu chembamba zaidi, kilichoinuka kidogo, na kinachorudi nyuma. Yaani usukani wa mtu wa boda, anayekaa kitako siku nzima na mteja mgongoni.

Huo unapatikana kila mahali. Boda zenyewe zilianza Busia, baiskeli zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, na mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, kila soko likapata duka la spea. Nililipa shilingi 900.

Kabla ya kufungua bolti hata moja nilimkalisha mzee juu ya kiti, nikamwambia afumbe macho na anyooshe mikono mahali isipouma. "Kwani unanipima suti?" akauliza. Nikapima kutoka begani hadi ngumi. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa karibu upana wa viganja viwili. Hakuna usukani unaotengenezwa hivyo, kwa hivyo tukafuata ule mfupi.

Fundi alitaka kumaliza haraka. Ndani ya kasha la swichi kuna kipini kidogo kinachoingia kwenye tundu la usukani ili kasha lisizunguke. Usukani mpya haukuwa na tundu mahali pale, na yeye akachukua tupa akate kipini. Nikamwambia hapana, toboa. Tulibishana kidogo. Akatoboa.

Kebo ndizo zilitula muda. Usukani ukiinuka, kila waya unaotoka kwake unakuwa mfupi. Ya aksileta ilitosha tulipoipitisha njia nyingine, ya breki ya mbele ikatosha kwa shida, ya klachi ikagoma, tukanunua ndefu. Kisha ule mtihani ambao haurukwi: washa injini, iache ingurume taratibu, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Mlio ukipanda, kebo inavutwa, na siku moja pikipiki itaongeza mwendo yenyewe katikati ya kona. Mlio haukupanda. Vidole pia vilipita kwenye tangi bila kubanwa. Tukakaza klampu, bolti za mbele kwanza.

Mzee alizunguka uwanja wa kanisa mara tatu, mikono yote miwili juu. Aliporudi alisema usukani unamfanya aonekane kama mtu wa boda, na kwamba vioo vinaonyesha viwiko vyake tu. Nikavilegeza, nikavigeuza.

Kwa sasa tumepatana Chimoi na kurudi, mchana, bila abiria. Mama haongei nami sana kuhusu hilo. Jumapili iliyopita, tukinywa chai, mzee aliniuliza siku hizi petroli ya kufika Kitale ni pesa ngapi. Mama aliinua kikombe chake, akaniangalia mimi, si yeye.