Jua la Juni Linapogeuka

Sisi wa mashine za mpunga hapa Kagongwa, Kahama, tunalijua jua la Juni kwa turubai. Desemba, kivuli cha ukuta huangukia kaskazini. Ikifika Juni kimehamia kusini, nasi tunahamisha turubai ili mpunga ulioanikwa usikose joto. Karibu na tarehe 21 jua hufika mwisho wa safari yake ya kaskazini, likageuka. Kwa sisi tulio kusini mwa ikweta hiyo ndiyo siku fupi kuliko zote, ingawa kwetu inapishana na siku ndefu ya Desemba kwa kama nusu saa tu. Alfajiri ya siku hiyo mimi huamka kumshukuru Mungu kwa njia ya wazee wangu. Zamani nisingethubutu.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Alikuwa akitoka nje kabla hakujapambazuka, mkononi kibuyu cha maji yaliyokorogwa na unga wa mtama. Jua likichungulia, alijaza maji mdomoni akayapuliza kuelekea mawio, kisha akawataja wazazi wake na wazazi wa wazazi wake, akiomba mvua, watoto na ng'ombe. Mungu alimwita Liwelelo. Wazee wengine wa Unyamwezi walimwita Likube, au Limatunda, au Limi, yaani jua lenyewe. Mavuno yakiingia, hakuna aliyeonja mpunga mpya kabla wazee hawajatengewa chao.

Niliokoka nikiwa msichana, nikafundishwa kwamba yote yale ni mashetani. Bibi alipofariki, vijumba vya mizimu vilivyokuwa uani vilibomolewa kwa maombi na nyimbo, vikachomwa moto.

Hofu hiyo ya mambo ya wazee ilikuwa na chanzo. Ukanda wetu huu, kuanzia Shinyanga hadi machimbo ya Geita, umeona watu wenye ualbino wakikatwa viungo kwa tamaa ya dhahabu na utajiri. Umeona vikongwe wakiuawa eti ni wachawi kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya damu hiyo. Kwa binti aliyekulia katika habari hizo, mpiga ramli na bibi anayepuliza maji alfajiri walikuwa kitu kimoja.

Aliyenitenganishia mambo hayo ni mjomba wangu, aliponipeleka Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma. Hufanyika Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, majira ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Chimbuko lake ni miaka ya 1950, wakati wa Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeona kwamba Msukuma anaweza kumshukuru Mungu kwa ngoma zake mwenyewe. Sikukuu hiyo hufuata Pasaka, kwa hiyo tarehe huhama. Mwaka mwingine huangukia karibu kabisa na siku jua linapogeuka.

Kwanza ni maandamano ya Ekaristi, maua yakitandazwa njiani. Kisha ngoma. Wagika na Wagalu, wafuasi wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na hakimu ni umati: watu wakikukimbia kwenda kwa mwenzako, umeshindwa. Mama mmoja wa makamo, rozari shingoni, aliwapigia Wagalu vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi nilikuwa nimemwona amepiga magoti, Ekaristi ikipita. Nilimtazama sana nikitafuta woga usoni mwake, nikaona furaha tupu.

Niliporudi nilianza kuuliza na kusoma. Nikakuta kwamba kule Cusco, Peru, sikukuu ya jua ya Wainka, Inti Raymi, iliyopigwa marufuku na watawala wa Kihispania, ilifufuliwa mwaka 1944 na huadhimishwa kila Juni 24. Uingereza nako, watu wanaofufua dini za kale hukesha Stonehenge kungoja mapambazuko ya siku yao ndefu. Nawaheshimu sana. Lakini wao inawabidi kuokoteza kutoka katika mawe na vitabu, ilhali mimi wanaokumbuka bado wapo hapa Kahama, Ngogwa na Mhongolo, tena wanazidi kupungua. Ndiyo maana huwafuata sasa, Jumapili baada ya kazi, kuwasalimu kwa heshima na kusikiliza.

Sina hirizi. Siendi kwa mpiga ramli, na atakayekuja kwangu kutaja jina la jirani kuwa mchawi nitamtoa nje. Ninachofanya ni hiki: Juni 21 nasimama uani na wanangu, napuliza maji kuelekea mawio, nawataja wazee nikianza na bibi, kisha tunapika mchele mpya na kuwaita majirani. Dada yangu, ambaye bado ni mwombaji hodari kanisani, huja. Wakati wa kutaja majina hubaki jikoni akiimba mapambio yake, na sijawahi kumwomba anyamaze. Mwaka jana, tukiwa tunapakua, aliniuliza kama babu mzaa baba nilimtaja. Nikamwambia nilimtaja.