Ubaridi Unaanzia Chini ya Boneti

Miaka ya 1980, kwenda Kondoa kutoka Dodoma ilikuwa safari ya kula vumbi. Njia ile ni kipande cha Barabara Kuu ya Kaskazini, inayopita Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati hadi Arusha, lakini lami haikuwepo. Palikuwa na changarawe, makorongo na udongo mwekundu uliosagwa na malori hadi ukapenya kila upenyo. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa Land Rover ya misheni. Shule zikifungwa, na safari ya kazi ikielekea huko, alinichukua kunipeleka kwa bibi. Mengi ninayoyajua kuhusu gari nilianza kuyajua nikiwa kwenye kiti cha mbele cha Land Rover ile.

Kiyoyozi hakikuwepo. Chini ya kioo cha mbele palikuwa na vifuniko viwili vya bati, kimoja upande wa dereva na kingine upande wa abiria, kila kimoja na kishikio chake kwa ndani. Ukivifungua, upepo unakupiga kifuani. Ukivifunga, joto la injini linapanda kupitia sakafuni, na punde nguo inakuganda mgongoni. Kifuniko cha upande wa abiria kilikuwa kazi yangu. Lori likitokea mbele, baba mdogo alisema, "Funga, mama," nasi tukavumilia joto hadi vumbi litulie nyuma yetu. Kisha, "Fungua." Hivyo hivyo hadi Kondoa.

Uwanda wa kati una tabia zake. Mji wa Dodoma uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Juni na Julai asubuhi zinadai koti. Agosti upepo unaanza, na kufikia Septemba na Oktoba chamchela zinazunguka mashambani zikinyanyua mchanga. Gari la huku hukutana na baridi, joto kali, vumbi na unyevu ndani ya mwaka mmoja. Baba mdogo alikuwa na dawa ya kila kimoja, na karibu dawa zake zote zilikuwa chini ya boneti.

Alilifungua alfajiri, injini ikiwa ya baridi. Alianza na oili: gari limesimama tambarare, anachomoa dipstiki, anaifuta, anairudisha, anaichomoa tena na kuisoma. Kiwango kilitakiwa kukaa kati ya alama mbili, kisipite ya juu wala kushuka chini ya ya pili. Kisha maji ya rejeta. Kisha betri, ambayo vichwa vyake alivisugua vikianza kuota unga mweupe. Kisha mkanda wa feni, aliubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ukibonyea kama sentimita moja, sawa, ukilegea zaidi, feni inazubaa na betri haipati chaji. Mwisho alipapasa mipira ya maji akitafuta palipovimba au palipopasuka.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ea klina. Land Rover za wakati ule zilichuja hewa kwa bakuli la oili: hewa ikiingia, vumbi linanaswa humo kabla halijafika kwenye silinda. Tukitoka Kondoa, oili ile ilikuwa imegeuka tope. Baba mdogo aliimwaga, akaosha bakuli kwa mafuta ya taa, akaweka oili mpya hadi kwenye alama. Alinieleza kwamba vumbi likipita pale, linasaga pistoni na ringi zake, na injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Nilikuwa mtoto, lakini nililielewa jambo hilo vizuri, maana tope lenyewe nilikuwa nalitazama.

Safari nyingine zilitupeleka magharibi, tukipita Bahi na Kintinku hadi mlima wa Saranda, pale ukingo wa Bonde la Ufa unapopanda kuelekea Manyoni. Hapo magari yalichemsha. Tuliyakuta yamesimama pembeni, boneti juu, mvuke unatoka, na mara nyingine taniboi kijana amesimama na kitambaa mkononi tayari kufungua mfuniko wa rejeta. Baba mdogo alikuwa akishuka mbio kumzuia. "Mwanangu, acha! Ngoja ipoe." Katika mwinuko wa Dodoma maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta huyabana kwa shinikizo ili yaweze kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiufungua yakiwa moto, shinikizo linatoka kwa ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Aliyekuwa na haraka ya dakika tano angeweza kubaki na makovu maisha yake yote.

Maji ya kuongeza nayo aliyachagua. Maji ya ardhini ya huku kwetu yana chumvi na chokaa, kila mama wa Dodoma anajua. Gamba jeupe linaloganda ndani ya birika la chai ndilo linaloganda ndani ya rejeta, likiziba vimirija vyake hadi injini ianze kuchemsha hata kwenye tambarare. Kwa hiyo nyumbani alikinga maji ya mvua kwenye pipa, akayahifadhi kwa ajili ya gari. Leo kuna kulanti, na ni bora zaidi, maana inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Hata hivyo, anayenunua kulanti nzito akaizimua kwa maji ya bomba yenye chumvi anarudisha gamba lile lile. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyosafishwa.

Miaka ya 1990 barabara zetu zikaanza kujaa magari yaliyotumika Japani: Corolla, Mark II, baadaye Noah na RAV4. Mengi yalikuwa na kiyoyozi, na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Tulijifunza kwa michoro. Gari lenye mshale unaozunguka ndani: hewa ya ndani inarudiwa. Gari lenye mshale unaoingia kutoka nje: hewa mpya. Kioo chenye mishale ya mawimbi: kuondoa ukungu. Nakumbuka mara ya kwanza nilipopanda Corolla ya jirani mchana wa Oktoba, madirisha yamefungwa, vumbi liko nje na sisi tuko ndani tunaongea kwa sauti ya kawaida. Niliona tumeingia enzi nyingine.

Furaha hiyo kwa wengi haikudumu. Viyoyozi vya magari ya zamani kidogo vilitumia gesi ya R12, inayoharibu tabaka la ozoni na iliyowekewa ukomo na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Kufikia katikati ya miaka hiyo ya 1990 watengenezaji walikuwa wamehamia R134a. Aliyekuwa na gari la R12, gesi ikitoka, ilibidi mfumo ubadilishwe, na wengi waliishia kushusha vioo. Kulikuwa pia na desturi ya mafundi kung'oa thamostati ili injini isichemshe. Tiba hiyo ilificha ugonjwa. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake la kazi, inakunywa petroli zaidi, na asubuhi za Julai hita inapuliza baridi, kwa sababu joto la hita ni lile lile la maji ya injini.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba dashibodi na boneti ni jambo moja. Kompresa ya kiyoyozi inazungushwa na mkanda wa injini. Joto linalotolewa ndani ya gari linatupwa kwenye kondensa, na kondensa imewekwa mbele kabisa, ikiitangulia rejeta. Injini inabeba mzigo wa ziada, na papo hapo rejeta yake inapata hewa iliyokwisha kupashwa moto. Ndiyo maana mshale wa temperecha ukianza kupanda mlimani, Saranda au Sekenke, jambo la kwanza ni kuzima kiyoyozi. Ukiendelea kupanda, shusha vioo, fungua hita hadi mwisho ili ipunguze joto la injini, kisha tafuta pa kusimama salama.

Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa ukisubiri tangu mwaka 1973. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka huo huo barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ikazinduliwa. Kondoa, niliyoifahamu kwa vumbi, sasa naifika nikiwa na nguo safi. Magari yaliyokuja na wahamaji wa Dar es Salaam yalikuwa mazuri, yenye viyoyozi vizima. Wenye magari hayo walikuwa wamezoea unyevu wa pwani. Vumbi letu hawakulijua. Na kwa kuwa safari hazikatizwi tena na kuchemsha, boneti halifunguliwi hadi siku ya sevisi.

Binti wa kaka yangu ni mmoja wa wahamaji hao. Anafanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na Septemba moja alikuja kwangu amechoka. "Shikamoo, shangazi. Kiyoyozi hakipozi, na gesi nimeongeza juzi tu."

"Marahaba, mwanangu. Zima gari, lipoe kwanza. Kisha fungua boneti."

Nilimweleza kwamba gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kutupa fedha. Lakini ya kwake haikuwa gesi. Tulishusha droo ya dashibodi, tukatoa filta ya hewa ya ndani: ilikuwa imejaa vumbi hadi mwanga haupiti. Kondensa ilikuwa imezibwa na mchanga na manyoya ya nyasi kavu. Filta tulinunua mpya. Kondensa tuliiosha kwa maji ya mpira wa bustani, yanayotiririka pole pole, maana presha kali inakunja mapezi yake. Jioni hiyo gari lilipoa.

Nilimfundisha pia vitufe. Ukiwa nyuma ya lori kwenye njia ya vumbi, rudia hewa ya ndani. Barabara ikiwa wazi, ruhusu hewa ya nje na ongeza feni, ili hewa inayojaa ndani isukume vumbi kwenye mianya ya milango lisiingie. Januari kioo kikipata ukungu, usifute kwa kiganja: washa kiyoyozi pamoja na joto, elekeza kiooni, chukua hewa ya nje. Kiyoyozi hukausha hewa, na ukungu unaondoka.

Chini ya boneti nilimpa masharti yale yale niliyopewa, na mengine ambayo baba mdogo hakuyahitaji. Ufunguo utoke kabisa, kwa sababu feni za umeme za siku hizi zinaweza kujiwasha injini ikiwa imezimwa. Mtandio, mkufu na pete viwekwe kando. Betri ikifunguliwa, waya wa hasi utoke kwanza na urudi mwisho, na moto usikaribie. Ea klina ya karatasi ikipulizwa, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Injini isipigwe maji ya presha, kwani yanaingia kwenye viunganishi vya umeme. Mabomba ya gesi ni ya fundi mwenye mashine yake, na waya za rangi ya chungwa za magari ya haibridi haziguswi.

Naishukuru lami, na kiyoyozi sitaki kukikosa tena mchana wa Oktoba. Ninachokililia ni kile kilichopotea tulipoacha kuchemsha njiani: mazoea ya kulijua gari kabla halijalalamika. Zamani mlima ulitufundisha kwa nguvu. Sasa inabidi tufundishane wenyewe, na naomba vyuo vya udereva vitenge asubuhi moja ya kumsimamisha kila mwanafunzi mbele ya boneti lililo wazi, apime oili, aguse mkanda, aijue kondensa na filta zake. Atakayepita hapo atakaa kwenye ubaridi wa Dodoma mwaka mzima, na hatamwita fundi kwa jambo ambalo mikono yake miwili inaweza.