Taa ya Manjano Njiani kwenda Ubundu

Atokaye Kisangani kwenda Ubundu huanza safari kwa kuvuka mto. Magari hupakiwa katika kivuko, hushushwa Lubunga ng'ambo ya kushoto, na hapo ndipo ianzapo barabara ya msituni, jirani ya njia ya reli. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906, zamani miji hii ilipoitwa Stanleyville na Ponthierville. Sababu yake wanafunzi wetu waijua tangu darasani: kati ya miji hii miwili mto huporomoka mara saba, katika maporomoko ya Boyoma, wala hakuna meli iwezayo kupita. Sisi tungalipenda kwenda kwa treni. Lakini siku ile hapakuwa na treni, na masanduku ya vitabu vya shule yalikuwa yakingojwa. Basi tukachukua gari.

Gari letu ni la miaka ya 1990, lenye nguvu bado, ingawa limekwisha kuona mengi. Tungali mjini, taa ndogo ya manjano ikawaka mbele ya dereva, na ndani yake herufi tatu: ABS. Fundi mmoja tuliyemwendea alitushauri kuitoa glopu. Breki zinashika, alisema, na taa hiyo inawasumbua bure. Nasi, lazima tukiri, tulikuwa tayari kukubali, kwa maana fedha zilikuwa chache, na kuhusu breki fundi alisema kweli. Aliyekataa ni dereva wetu, mzee aliyeijua barabara hii tangu ujana wake. Alimtazama mama mmoja aliyekuwa anarudi kwa mumewe Ubundu pamoja na mtoto mchanga, akatuambia, "Mwalimu, leo imewaka kwa jambo hili. Kesho ikitaka kuwaka kwa jambo jingine, nitajuaje?" Kivuko kilikuwa karibu kuondoka. Tukavuka na taa yetu ikiwaka.

Yafaa tueleze taa hiyo yasema nini. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu penye utelezi, magurudumu hufungika, gari huteleza mbele kama mtumbwi usio na kafia, na usukani hautii tena. Kazi ya ABS ni kuzuia jambo hilo. Katika magari mengi, penye kila gurudumu pana pete ya chuma yenye meno, na karibu nayo, kwa nafasi ya milimita moja hivi, kidude chenye sumaku na waya uliozungushwa, ambacho mafundi hukiita sensa. Meno yakipita mbele ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya. Kisanduku cha elektroniki huhesabu mapigo ya umeme huo, nacho kikiona gurudumu moja lataka kusimama kabla ya mengine, huilegeza breki yake na kuikaza tena, mara nyingi katika sekunde moja. Magari ya Mercedes-Benz yalianza kufungwa mtambo wa namna hii, uliotengenezwa na Bosch, mwaka 1978. Wengine hudhani kwamba ABS husimamisha gari upesi kila mahali. Sivyo, penye tope zito au mchanga yaweza hata kurefusha mwendo wa kusimama. Faida yake kubwa ni usukani.

Hesabu ya gurudumu moja ikikosekana, kisanduku hujizima na kuwasha taa ya manjano, na breki za kawaida hubaki. Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine kabisa: hiyo ikiwaka, nayo breki ya mkono haikuvutwa, simama hapo hapo ukatazame mafuta ya breki.

Pale Lubunga tulianza na mambo mepesi. Fyuzi ilikuwa nzima, na betri haikuwa dhaifu. Kisha mzee akafungua boneti. Katika Toyota nyingi za miaka ile haihitajiki mashine ya kupimia. Mna kisanduku kidogo cha plastiki chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Huchomolewa kipini kifupi, tundu la Tc likaunganishwa na la E1 kwa kipande cha waya, na ufunguo ukazungushwa bila kuamsha injini. Ni kazi ya kufanywa kwa utulivu, maana akoseaye tundu aweza kuunguza kitu. Ndipo taa ikaanza kupepesa: tarakimu ya kwanza, kituo kidogo, tarakimu ya pili. Tuliandika 33. Yule mama, aliyekuwa akimbembeleza mtoto huku akihesabu kimya, akasema, "Hapana, baba. Tatu, halafu mbili." Tukahesabu upya, na kumbe ndivyo: 32. Katika magari hayo 31 ni gurudumu la mbele kulia, 32 la mbele kushoto, 33 la nyuma kulia, na 34 la nyuma kushoto.

Gari likainuliwa kwa jeki na kuwekewa gogo chini. Tulilitikisa gurudumu kujua kama beringi imelegea; haikulegea. Tulipolitoa tukakuta tope jekundu limeshika kila mahali kama udongo wa mfinyanzi. Tuliliosha kwa brashi laini, na taa haikuzimika. Mzee akachomoa plagi ya sensa na kuipima kwa mita ya umeme. Sensa nzima ya namna hiyo kwa kawaida huonyesha omu 800 hadi 2,000 hivi. Yetu haikuonyesha kitu, dalili ya waya uliokatika. Akaufuata waya kwa kidole, polepole, hata akafika penye kishikio cha bati kilichopindwa, labda na kisiki. Hapo waya ulikuwa umekatwa.

Lakini kishikio hicho hicho hushika pia mpira wa breki, na ukingo wake ulikuwa umeutafuna mpira karibu nusu ya unene wake. Mzee akatuomba tukanyage breki. Mpira ukavimba pale penye jeraha. Hapakuwa na tone la mafuta, bado.

Hakuna aliyesema neno. Sisi tulikuwa tukimkumbuka yule fundi na glopu yake.

Hatukwenda siku ile. Mzee alirudi mjini kwa mtumbwi kutafuta mpira mwingine, na sehemu ya fedha za chaki ikaishia hapo. Asubuhi alifunga mpira mpya, akatoa hewa katika breki, akaunga waya kwa risasi na kuufunga mbali na bati. Kisha, kile kipande cha waya kikiwa bado kati ya Tc na E1, alikanyaga breki zaidi ya mara nane katika sekunde chache, na hiyo ndiyo njia ya kuifuta ile 32. Alipokitoa na kuzungusha ufunguo, taa iliwaka kama sekunde tatu, ikazimika. Anunuaye gari kuukuu aitazame taa hiyo: isipowaka kabisa wakati ule, huenda mtu ameitoa glopu.

Kati ya Kisangani na Ubundu mtu huvuka mstari wa ikweta. Hatukuona alama yoyote, illa miti. Mvua ilitukuta kwenye mteremko ushukao katika daraja la magogo, na chini pale pikipiki iliyobeba ndizi ilikuwa imekwama katikati ya njia. Mzee alikanyaga. Tulisikia mngurumo chini ya mguu wake, pedali ikatetemeka, na gari likaitii mikono yake, likapita ubavuni mwa pikipiki na kusimama kabla ya magogo. Mwenye ndizi alitusalimu kana kwamba halikutokea jambo.

Tulifika Ubundu jioni. Huko mto ni mpana na mtulivu, kwa kuwa maporomoko yote yako chini yake, na kutoka hapo vyombo hupanda hadi Kindu. Mume wa yule mama alikuwa akingoja kandokando ya maji tangu jana yake. Aliuliza kwa nini tumechelewa siku nzima.

"Thelathini na mbili," akajibu mkewe, akampa mtoto.