Mwaka Nilioacha Kunywa Maji

Nilizaliwa Bwera, hatua chache kutoka mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo, nikaolewa Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Walio mbali hutujua kwa habari ya simba. Aprili 2018 simba 11, majike 3 na watoto 8, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji chetu, na habari ikafika duniani kote. Ilistahili kufika. Nami niliwahurumia wale watoto. Oktoba ya mwaka huohuo nilimzika wa kwangu.

Nilikuwa na miaka 19 na ile ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Uchungu ulinishika jioni. Mkunga wa jadi aliyekuja kunitazama alisema mtoto yuko njiani, nivumilie. Usiku ukapita, kukacha, kukachwa tena. Usiku wa pili mama mkwe akasema nitolewe nipelekwe hospitali, lakini kijijini hapakuwa na gari, na kijana wa bodaboda alikataa. Simlaumu hata leo. Njia ya kutoka kwetu hadi kwenye lami inakata nyika ya wanyama, na usiku tembo na viboko ndio wenye njia. Nilipakiwa alfajiri ya siku ya tatu, nimebanwa katikati ya dereva na shemeji yangu, naye shemeji akinishika kwa mikono miwili nisianguke.

Mtoto alitolewa amekwisha kufa. Alikuwa mvulana. Nilionyeshwa mara moja, nikaona vidole vyake vilivyokunjamana kama vya mtu aliyefua nguo mchana kutwa.

Siku ya sita baada ya kurudi nyumbani niliamka kitanda kimelowa. Nikadhani ni jasho. Nikabadili shuka, nikalala, nikaamka kumelowa tena. Nilisimama, nikahisi mkojo unashuka miguuni bila mimi kuuamuru, na haukukatika.

Sasa najua ni kitu gani, kwa sababu nilieleweshwa baadaye. Kichwa cha mtoto kikikwama siku nzima au mbili, hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama inakufa, na baada ya siku chache sehemu ile hubanduka na kuacha tundu. Huitwa fistula. Wakati ule sikujua kama ina jina. Jirani mmoja alisema nimerogwa, mwingine akasema ni laana ya ukoo, nami nikayaamini yote mawili. Laiti mtu angeniambia kwamba utafiti wa kitaifa wa 2006 ulikuta Uganda ina wanawake zaidi ya 2 katika kila 100 wa umri wa kuzaa waliowahi kupata dalili kama zangu! Nilijiona niko peke yangu chini ya jua.

Mume wangu alihamia Katunguru kuvua. Mwanzo alituma salamu, kisha salamu nazo zikakoma. Sina zaidi la kusema juu yake.

Nikabuni dawa yangu mwenyewe: niliacha kunywa maji. Niliona kwamba nisipokunywa, nguo hazilowi sana. Asubuhi nilikunywa nusu kikombe cha chai, na basi. Hamukungu ni kwenye joto, midomo ilipasuka, kichwa kiliuma, na mkojo uliotoka ulikuwa mweusi kama majani ya chai, ukanuka zaidi, ukanichubua mapaja hadi nikawa natembea miguu imeachana. Nilitandika kiroba cha plastiki juu ya godoro. Kanisani niliacha kwenda. Kisimani nilikwenda saa ambayo wenzangu wote wamesharudi.

Aliyenifuata ndani alikuwa bibi mmoja msusi wa mikeka. Hakubisha hodi mara mbili. Aliingia, akaketi, akavuta pumzi, na najua alichokisikia. Kisha akaniuliza: “Mwanangu, leo umekunywa maji mara ngapi?”

Nikanyamaza.

“Nilikuwa na dada yangu namna hii,” akasema. “Alikauka kama samaki wa kubanika. Wewe utakunywa.”

Akamimina kikombe kutoka kwenye jerikeni langu, akakaa hadi nilipokimaliza. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akaja na wenzake wanne wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, kila mmoja na kazi mkononi, na wakafanya jambo ambalo bado nalistaajabia: walikaa kunizunguka wakisuka, kana kwamba nyumba yangu ndiyo mahali pao pa siku zote pa kusukia. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyenipa pole ya kunong’ona. Walizungumza juu ya bei ya ngege na juu ya mbuzi aliyeingia shambani kwa mtu, na katikati ya maneno hayo mmoja akanirushia ukindu nisuke.

Waligawa tatizo langu vipandevipande na kila mmoja akachukua kipande chake. Mshonaji wa kijiji alichukua mabaki ya vitenge na fulana kuukuu, akashona pedi nene za tabaka sita, zenye vishikizo pembeni, na kati ya tabaka akaweka kipande cha taulo. Za kwanza zilikuwa fupi mno. Akanipima upya kwa kamba, akashona nyingine. Alichagua vitenge vya rangi nzito, akasema zikianikwa kambani mpita njia atadhani ni viraka vya mto. Mwingine alileta mafuta ya mgando ya kupaka mapaja kabla ya kuvaa.

Kwa pedi kumi na mbili kwa siku, sabuni ilikuwa ndiyo gharama kubwa. Hapo ndipo kikundi kikaanza kupika sabuni ya maji. Mmoja wao aliwahi kufundishwa Kasese mjini, akanunua malighafi huko, tukakoroga kwenye pipa kwa mwiko mrefu wa kupikia msibani. Ukitazama sabuni ikikorogwa, mwanzo ni maji tu yenye povu. Unatia chumvi kidogokidogo, na ghafla mwiko unakuwa mzito, sabuni inavutika kama uji wa ulezi. Ukizidisha chumvi, inarudi kuwa maji. Pipa la kwanza tuliliharibu hivyo hivyo. Mimi nikawa mkorogaji, maana kazi ile hufanywa umesimama nje, kwenye upepo, na nguo ikilowa husemwa ni sabuni.

Bibi ndiye aliyesikia kwamba Hospitali ya Kagando, kule Kisinga kwenye barabara ya kwenda Bwera, wanaziba tundu hilo. Matibabu yenyewe, wakati wa kambi za upasuaji, hayakuwa ya kulipia. Kilichonizuia ni nauli, chakula cha wiki tatu, na mtu wa kukaa nami. Watu hudhani ugonjwa huu unashinda wanawake kwa sababu madaktari hawapo. Mara nyingi unawashinda kwa sababu ya nauli. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ililiona hilo mapema. Tangu 2009 ikawa inawatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa huko huko vijijini waliko. Sisi hatukuwa na mtu wa kututumia, kwa hiyo wanawake walishuka mwaloni. Walimwomba kila mwenye mtumbwi samaki mmoja kwa juma, wakamwita samaki wa mgonjwa. Wengine walitoa ngege mzuri, wengine kambare mdogo asiyenunulika. Wote walipokelewa, wakabanikwa, wakauzwa. Mikeka nayo ilipelekwa soko la Mpondwe, ambako dada yangu aliwauzia Wakongomani.

Nilipangiwa Juni 2019. Juni 11 ikatangazwa kwamba Ebola imeingia Uganda. Mtoto wa miaka 5 aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo alikuwa amepelekwa kwanza Kagando, hospitali ileile niliyokuwa nikiiota, kisha akahamishiwa Bwera, akafa huko. Bibi yake na mdogo wake nao walikutwa nayo. Wilaya ya Kasese ikasimamisha mikusanyiko, na siku za soko zikafutwa. Mikeka yetu ikabaki imekunjwa kwa dada. Nilikunja na nguo zangu nilizokuwa nimeshazipanga, nikarudia nusu kikombe kwa siku. Nakiri hilo. Moyo ulivunjika kuliko mwanzo, maana safari hii nilikuwa nimetumaini.

Bibi alinikuta, akamimina maji, akasema: “Nchi nzima inanawa mikono. Sisi tuna pipa la sabuni. Amka ukoroge.”

Tulikoroga. Kila mlango wa duka, kila kanisa na msikiti, kila mwalo ulitaka jerikeni lenye bomba na sabuni pembeni. Sabuni iliyoanza kwa ajili ya nguo zangu zilizolowa ikaenda kunawisha kijiji, na vijiji vya jirani. Nyingine tulitoa bure, nyingine tuliuza. Wagonjwa wale watatu wote walikuwa wametoka nayo Kongo, na safari ile ugonjwa haukuenea kwa mtu mwingine Uganda. Walioshinda vita hiyo ni wahudumu wa mpakani na wa Bwera waliovaa yale mavazi mazito kwenye jua lile, nami nawaheshimu hadi kesho. Sisi tulikuwa na povu letu tu. Lakini fedha ya sabuni ndiyo iliyojaza pengo la mikeka.

Niliingia Kagando baadaye mwaka huo. Kwanza walinijaza kibofu maji ya rangi ya buluu, wakaweka pamba ndani kuona yanavujia wapi. Pamba ikatoka buluu tii. Wodini tulikuwa wengi, mmoja akiwa amekaa na hali hiyo zaidi ya miaka 20, amezeeka nayo. Muuguzi alitusimulia habari za daktari Catherine Hamlin, Mwaustralia ambaye yeye na mumewe Reginald walifungua hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974. Yule mama wa miaka 20 akauliza kama huko nako wanawake hulala juu ya viroba. Muuguzi akamwambia ndiyo, kila mahali.

Baada ya upasuaji nilikaa na mpira wa mkojo siku 14, na amri ilikuwa moja: kunywa maji. Kunywa, kunywa, mpira usizibe. Nilikunywa kwa ajili ya mwaka mzima. Mshonaji, ambaye ndiye aliyekuja kukaa nami, alihesabu vikombe kwa kufunga mafundo kwenye uzi. Siku walipoutoa mpira wakarudia maji ya buluu na pamba. Muuguzi akaiinua juu, kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyeupe. Mshonaji akapiga vigelegele hadi mlinzi akaja.

Niliporudi tulitunga mchezo. Tunauigiza mwaloni jioni, kwa Lukonzo na kwa Kiswahili, maana wavuvi wanatoka kila upande. Mmoja anacheza mkunga, mmoja mume anayesema subirini kukuche, na mimi nacheza mama mkwe anayekataa kusubiri. Mwishoni tunauliza waliohudhuria: usiku huu mkeo akishikwa, gari la nani? Tuliandika namba za simu za wenye magari kwenye ukuta wa duka, kwa rangi.

Machi 2020 likaja katazo la usafiri la korona, magari yakazuiwa, ukawa lazima ruhusa ya mkuu wa serikali wilayani hata kumpeleka mgonjwa. Mke wa mvuvi mmoja alishikwa saa tatu usiku. Mume hakungoja kukuche. Alikimbilia kwenye ule ukuta, mwenyekiti wa kijiji akapiga simu hadi ruhusa ikapatikana, gari likaondoka na taa zote zimewashwa na watu wawili wakimulika tochi pembeni kutazama tembo. Alifanyiwa upasuaji, akapata msichana.

Walituletea mtoto siku tulipokuwa tunakoroga. Bibi akafuta mikono yangu kwa kanga yake, akaniwekea mtoto mapajani. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, cha kwanza cha rangi nyepesi tangu 2018. Hazikupita dakika mbili nikahisi ujotojoto unapenya. Nikashtuka, mwili ukakumbuka kabla ya akili, kisha nikamtazama mtoto. Mama yake akanyoosha mkono kumchukua, akiomba radhi.

“Mwache,” nikamwambia. “Mwache amalize.”